Amri Isiyo na Polisi: Kwa Nini Nchi Bado Zinakimbilia The Hague

SWALI: Nafuatilia habari za kimataifa kila jioni na kuna jambo linanichosha. Afrika Kusini imeishitaki Israel, Ukraine imeishitaki Urusi, Gambia imeishitaki Myanmar. Mahakama inatoa amri, wakubwa wanaipuuza, vita vinaendelea. Halafu naona shtaka ni lilelile kila mara, mauaji ya kimbari, kana kwamba hakuna kosa jingine duniani. Mtaalamu, nisaidie: sheria ina kazi gani kweli katika magomvi haya, au ni maigizo ya wanasheria? Na nchi ndogo kupeleka kesi huko si kuchoma pesa tu?

JIBU: Ndugu yangu, hasira yako ina haki ndani yake, lakini umeanza kuhesabu kutoka mwisho. Umetazama nani anatii hukumu, ukaona wachache, ukafunga daftari. Sisi tunaofanya kazi hii huanzia upande wa pili: nani anaweza kushitakiwa, kwa kosa gani, mbele ya nani. Huko ndiko sheria inakoamua mengi kabla jaji hajafungua mdomo, na huko ndiko lilipo jibu la kwa nini shtaka ni lilelile.

Kesi zote tatu ulizozitaja ziko mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ICJ, iliyoko The Hague, Uholanzi, chombo cha Umoja wa Mataifa chenye majaji 15. Husikiliza kesi za nchi dhidi ya nchi tu, na haiwezi kuiita nchi ambayo haijakubali kuitwa. Hili la kukubali ndilo linalowapita watu wengi. Katika mahakama za ndani ya nchi, aliyekukosea unamfungulia kesi apende asipende. Kule, bila ridhaa ya mdaiwa hakuna kesi, hata kama ushahidi umejaa chumba.

Ridhaa hupatikana kwa njia tatu. Nchi mbili zinaweza kukubaliana kuupeleka ugomvi wao mahakamani. Hizo kesi huwa tulivu, nyingi za mipaka, na huzisikii. Njia ya pili ni tamko la jumla ambalo nchi huliweka Umoja wa Mataifa ikisema: yeyote aliyeweka tamko kama langu anaweza kunishitaki. Nchi zaidi ya 70 zimeliweka. Kati ya wanachama watano wa kudumu wa Baraza la Usalama, ni Uingereza pekee iliyobaki nalo. Ufaransa iliondoa lake mwaka 1974, wakati Australia na New Zealand zilipokuwa zimeishitaki kwa majaribio ya nyuklia katika Pasifiki. Marekani ilitangaza kuliondoa la kwake mwaka 1985, wakati Nicaragua ikiwa imeifikisha mbele ya majaji. Kenya mwaka 2021, wiki chache kabla ya hukumu ya mpaka wa baharini kati yake na Somalia. Kuondoa tamko hakuiokoi nchi na kesi iliyokwisha kufunguliwa. Kunaiokoa na inayofuata. Njia ya tatu ni mkataba ambao ndani yake kuna kifungu kinachosema wanachama wakibishana kuhusu mkataba huo, waende ICJ. Hii ya tatu ndiyo inayozaa habari unazozisikia jioni.

Chukua vita vya Congo uone uzito wa jambo hili. Juni 1999, Kinshasa ilizifungulia kesi Burundi, Uganda na Rwanda kwa siku moja, kwa vita vilevile. Uganda ilikuwa na tamko la ridhaa la tangu 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru. Rwanda haikuwa nalo. Dhidi ya Uganda shauri lilisikilizwa hadi mwisho: Desemba 2005 majaji walisema ilivunja marufuku ya kutumia nguvu, iliikalia kijeshi Ituri, mashariki mwa Congo, na inawajibika kwa maliasili zilizoporwa na askari wake. (Uganda nayo ilipata chake humohumo: Congo ilionekana imevunja sheria kwa yaliyowapata wanadiplomasia wa Uganda mjini Kinshasa.) Mazungumzo ya fidia yalikwama miaka kadhaa, mahakama ikarudiwa, na Februari 2022 ikapanga dola milioni 325, zilipwe kwa mafungu matano ya dola milioni 65. Congo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11, kwa hiyo hakukuwa na sherehe. Lakini fungu la kwanza lililipwa mwaka uleule, na hakuna polisi aliyetumwa Kampala.

Dhidi ya Rwanda, Congo iliondoa kesi ya kwanza, ikarudi mwaka 2002 na rundo la mikataba: wa mauaji ya kimbari, wa ubaguzi wa rangi, wa haki za wanawake, hata katiba ya Shirika la Afya Duniani. Ilikuwa ikijaribu funguo moja baada ya nyingine, na hakuna uliofungua. Rwanda ilipojiunga na Mkataba wa Mauaji ya Kimbari ilikuwa imekikataa kifungu kinachoipa ICJ mamlaka. Februari 2006 mahakama ikasema haina uwezo wa kusikiliza. Majaji waliongeza kwamba nchi isiyoweza kushitakiwa bado inafungwa na sheria, na kwamba mambo hayo mawili yasichanganywe. Ni kweli kabisa, na ni faraja ndogo kwa mtu wa Kisangani, mji wa Congo ulioumizwa na vita hivyo.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Agosti 2023 Congo ilikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile ya Arusha. Rwanda ilikuwa imeondoa mwaka 2016 tamko lake la kuruhusu watu binafsi na mashirika kuishitaki huko. Kesi za nchi dhidi ya nchi hazitegemei tamko hilo. Juni 2025 mahakama ikasema ina mamlaka. Miaka 19 baada ya kugonga mwamba The Hague, Congo imepata pa kuingilia kwa sababu ya karatasi mbili: itifaki iliyoiunda mahakama hiyo, ambayo Rwanda haikuitoka, na ambayo Congo yenyewe ilikuja kuiridhia baadaye. Waandishi wa habari wengi waliripoti siasa tu za kesi hiyo. Mimi kilichonivutia ni hizo karatasi.

Sasa tuje kwenye shtaka lililokuchosha. Mkataba wa Mauaji ya Kimbari wa 1948 una nchi wanachama zaidi ya 150, na kifungu chake cha 9 kinaipa ICJ mamlaka juu ya mabishano yote yanayouhusu. Mikataba ya Geneva ya 1949, ambayo ndiyo inayolinda raia, majeruhi na wafungwa wakati wa vita, haina kifungu kama hicho. Kwa hiyo nchi inayotaka kuishitaki nyingine kwa kupiga hospitali au kuwanyima raia chakula, na nchi hiyo haina tamko la jumla, haina pa kushika. Wakili anausoma ushahidi wake wote, kisha anatafuta mlango ulio wazi, na ushahidi ule unaandikwa upya kwa lugha ya mlango huo. Ndiyo maana unasikia kimbari, kimbari, kimbari. Makosa mengine yapo tele. Hayana pa kusikilizwa.

Gambia ndiyo iliyoonyesha njia. Novemba 2019 iliishitaki Myanmar kwa yaliyowapata Warohingya, jamii ndogo ya Waislamu wa Myanmar. Haina mpaka na Myanmar, hakuna raia wake aliyeumizwa. Nyuma yake ilikuwapo Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, na mbele alikuwapo waziri wake wa sheria, Abubacarr Tambadou, ambaye aliwahi kuwa mwendesha mashtaka katika mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda. Myanmar ikauliza: Gambia inahusikaje? Julai 2022 majaji wakajibu kwamba mwanachama yeyote wa mkataba huo anayo haki ya kudai uheshimiwe, awe ameumizwa au la. Desemba 2023 Afrika Kusini ilipita palepale kuifikisha Israel.

Ukraine ilifanya ujanja ambao naukubali kama fundi anavyokubali kazi ya fundi mwenzake. Haikuweza kuishitaki Urusi kwa uvamizi wenyewe, kwani hakuna mkataba uliotoa ridhaa hiyo. Lakini Moscow, ikitetea vita, ilikuwa imedai kwamba Ukraine inafanya mauaji ya kimbari katika mikoa yake ya mashariki, Donetsk na Luhansk. Basi Ukraine ikaenda mahakamani kuomba itamkwe kwamba HAIJAFANYA kosa hilo, na kwamba kuingia vitani kwa kisingizio cha uongo ni kuuvunja mkataba. Machi 16, 2022 ICJ ikaiamuru Urusi kusitisha operesheni zake, kwa kura 13 dhidi ya 2. Furaha ilidumu hadi Februari 2024, mahakama ilipopitia mapingamizi ya awali na kusema: swali la kama Ukraine ilifanya mauaji ya kimbari tutalisikiliza, swali la kama uvamizi ni halali haliko ndani ya mkataba huu. Ule ujanja ukakatwa nusu.

Gharama ya kuingilia mlango mmoja ni kubwa, na hapa ndipo nisipokubaliana na wenzangu wengi wanaoshangilia kila kesi mpya. Mauaji ya kimbari ni kosa linalohitaji kuthibitishwa nia: kwamba mtendaji alilenga kuliangamiza kundi, lote au sehemu yake, kwa kuwa ni kundi hilo. Kuua maelfu hakutoshi bila nia hiyo. Mwaka 2007, katika kesi ya Bosnia dhidi ya Serbia, majaji walikubali kwamba mauaji ya Srebrenica ya Julai 1995 yalikuwa ya kimbari. Ukatili mwingine mwingi wa vita vile waliukiri kuwa ulitokea, ila wakasema nia maalumu haikuthibitishwa. Serbia ikaonekana haikuyatenda yale ya Srebrenica, bali ilishindwa kuyazuia na kuwaadhibu watendaji. Vichwa vya habari vilisomaje? Serbia yasafishwa. Hii ndiyo hatari ninayoiona. Ukigeuza kila ukatili kuwa kesi ya kimbari kwa sababu za kiutaratibu, siku majaji wakisema nia haikuonekana, umma unasikia kwamba hakuna kosa lililotendeka. Uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu si makosa madogo, lakini mfumo huu umevifanya vionekane kama zawadi ya mshindi wa pili.

Upotoshaji kama huo ulitokea Januari 2024 pia. ICJ iliiamuru Israel ichukue hatua za kuzuia vitendo vilivyokatazwa na mkataba na kuruhusu misaada iingie Gaza. Magazeti mengi yakaandika kwamba mahakama imeona tuhuma za kimbari zina mashiko. Joan Donoghue, aliyekuwa rais wa mahakama wakati huo, alifafanua baada ya kustaafu: kilichoonekana kuwa na mashiko ni haki ya Wapalestina kulindwa na mkataba, na kwamba haki hiyo iko katika hatari. Hukumu yenyewe juu ya tuhuma ni jambo la baadaye. Amri ya muda hulinda kilichopo wakati kesi inasubiri. Haisemi nani mkosaji. Lakini inafunga. Tangu hukumu ya LaGrand ya 2001, kesi ya Ujerumani dhidi ya Marekani, ICJ imekuwa wazi kwamba amri hizo ni za lazima, si ombi.

Kabla sijafika kwenye utii, niseme kidogo juu ya mahakama ya pili, kwa maana watu huzichanganya. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, nayo iko The Hague, lakini inashitaki watu, si nchi, na ilianza kazi Julai 2002 chini ya Mkataba wa Roma. Huko mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu vyote vinashitakika, ndiyo maana hati za kukamatwa za Vladimir Putin (Machi 2023) na Benjamin Netanyahu (Novemba 2024) hazikutaja kimbari hata kidogo. Ya Putin ni ya kuwahamisha watoto kinyume cha sheria. Ya Netanyahu inagusa kutumia njaa kama silaha ya vita. Urusi na Israel si wanachama, lakini mamlaka yanakuja kwa njia ya mahali kosa lilipotendeka: Ukraine iliikubali mahakama, na Palestina ni mwanachama tangu 2015.

Hati ya kukamatwa haimkamati mtu. Inasubiri siasa za kwao zigeuke. Omar al-Bashir, akiwa rais wa Sudan, aliandikiwa hati mwaka 2009 na akaendelea kusafiri. Juni 2015 alikuwa Afrika Kusini kwenye mkutano wa Umoja wa Afrika. Mahakama ya Pretoria ikaamuru asiondoke, naye akaondokea uwanja wa ndege wa kijeshi. Aibu, ndiyo. Lakini mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ya nchi hiyo ilisema serikali ilivunja sheria kwa kumwachia, na uamuzi huo ukabaki kwenye vitabu. Miaka minane baada ya safari ile, mkutano wa BRICS, kundi ambalo Urusi na Afrika Kusini zimo, ulipopangwa Johannesburg, serikali ilijua kwamba Putin akikanyaga ardhi yake itaburutwa mahakamani na watu wake yenyewe. Putin alihutubia kwa video. Akaenda Mongolia mwaka 2024, nchi mwanachama, na hakuguswa. Mahakama ikaiandika Mongolia kuwa imekiuka wajibu. Kwa hiyo hati hii inabana huku, inateleza kule, kutegemea mahakama za ndani za kila nchi zina meno kiasi gani.

Rodrigo Duterte, rais wa zamani wa Ufilipino anayetuhumiwa kwa mauaji ya vita vyake dhidi ya dawa za kulevya, ni mfano wa pili. Aliitoa Ufilipino katika ICC, na uanachama ukakoma Machi 2019, lakini yaliyotendeka kabla ya hapo yalibaki mikononi mwa mahakama. Kwa miaka alilindwa na nguvu zake nyumbani. Kisha familia yake ikagombana na ya Rais Marcos, na Machi 11, 2025 akakamatwa Manila na kupandishwa ndege usiku uleule. Sheria ilitoa hati. Ugomvi wa vigogo ulitoa pingu. Ukiuliza kipi kilikuwa muhimu zaidi, nitakwambia bila hati, ugomvi ule ungeishia kwenye uchaguzi kama magomvi mengine yote.

Haya, utii. Umesema wakubwa wanapuuza, na mfano wa kale unakuunga mkono. Mwaka 1986 ICJ iliihukumu Marekani kwa kuwasaidia waasi wa Contra waliopigana na serikali ya Nicaragua na kutega mabomu katika bandari za Nicaragua. Chini ya Hati ya Umoja wa Mataifa, mshindi asiyelipwa anaweza kwenda Baraza la Usalama. Nicaragua ikaenda, Marekani ikapiga kura ya turufu, na mwaka 1991 serikali mpya ya Managua ikaliondoa dai la fidia. Hapo sheria ilishindwa, tusipake rangi.

Lakini amri ikishatoka haikai The Hague. Hubebwa na watu ambao hawakuwa kwenye kesi. Visiwa vya Chagos, katika Bahari ya Hindi, ni mfano ninaoupenda. Uingereza ilivitenga na Mauritius mwaka 1965, miaka mitatu kabla ya uhuru, na wakazi wakaondolewa ili Diego Garcia iwe kambi ya kijeshi ya Marekani. Mauritius haikuweza kuishitaki Uingereza moja kwa moja, basi ikapitia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuomba maoni ya ushauri, ambayo kisheria hayamfungi mtu. Februari 2019 majaji 13 kati ya 14 walisema utawala wa Uingereza pale ni kinyume cha sheria na uishe haraka iwezekanavyo. London ikasema ni maoni tu. Mwaka 2021 jopo la Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari likakataa kuyaita maoni tu, likaichukulia Mauritius kuwa ndiyo mwenye visiwa katika mpaka wake na Maldives. Mwaka huohuo Umoja wa Posta Duniani ukaacha kuzitambua stempu za Uingereza za visiwa hivyo. Stempu! Ni jambo la kuchekesha, lakini nchi inayoanza kukosa hata stempu inaona mwelekeo wa upepo. Mei 2025 Uingereza ilitia saini mkataba wa kurudisha mamlaka kwa Mauritius na kukodi Diego Garcia kwa miaka 99. Mkataba huo nao umezua mabishano London na Washington, na baadhi ya Wachagos wanalalamika kwamba wamejadiliwa bila wao kuwapo. Hata hivyo ulipatikana kutokana na karatasi iliyosemekana haifungi.

Mahakama za ndani ndizo wabebaji wakubwa. Februari 2024 mahakama ya rufaa ya Uholanzi iliiamuru serikali kuacha kupeleka Israel vipuri vya ndege za kivita za F-35, kwa hoja kwamba ipo hatari ya wazi ya vipuri hivyo kutumika katika ukiukaji mkubwa wa sheria za vita. Oktoba 2025 mahakama ya juu ikasema uamuzi huo ni wa serikali, lakini ikaitaka ipitie upya leseni ndani ya wiki sita. Uingereza nayo ina kisa chake: Novemba 2023 majaji wake wa juu walizuia kwa kauli moja mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda, kwa ushahidi kwamba wangeweza kurudishwa kwenye hatari. Bunge likajibu kwa kutunga sheria inayotamka kwamba Rwanda ni salama. Yaani hoja ya ushahidi ikajibiwa kwa kura! Serikali mpya ya Julai 2024 ikautupa mpango wote.

Na hata wanaovunja sheria hawaachi kuitumia. Siku Urusi inavamia, Februari 24, 2022, ilipeleka barua Umoja wa Mataifa ikitaja kifungu cha 51 cha Hati ya umoja huo, cha kujilinda. Marekani mwaka 2003 ilitaja maazimio ya Baraza la Usalama ya miaka ya nyuma kuhalalisha vita vya Iraq. Unaweza kuuita unafiki, nami sitakupinga. Ila majaji wa kesi ile ya Nicaragua walisema jambo ambalo halijachuja: nchi inayotetea kitendo chake kwa kudai kimo ndani ya kanuni, inaiimarisha kanuni hata kama inadanganya. Mwenye nguvu akitoa sababu ya kisheria amewapa wengine kitu cha kukagua. Hoja ya Urusi ya kimbari ndiyo hiyohiyo Ukraine iliyoitumia kufungulia kesi.

Sheria huwabana pia wanaojiona wako upande wa haki. Mali za benki kuu ya Urusi zinazokaribia dola bilioni 300 zimezuiwa nchi za Magharibi, sehemu kubwa ikiwa Ubelgiji. Wengi wanataka zipewe Ukraine mara moja. Kinachokwamisha ni kinga ya mali za nchi, yaani nchi moja haitaifishi mali ya serikali ya nchi nyingine, kanuni ambayo wenye kuzishikilia nao wanaitegemea kwa akiba zao wenyewe zilizoko ng'ambo. Mwaka 2024 kundi la nchi tajiri la G7 lilikubaliana kutoa mkopo wa dola bilioni 50 utakaolipwa kwa faida inayotokana na mali hizo, huku mtaji wenyewe ukiachwa.

La mwisho, pesa. ICJ yenyewe haitozi ada; gharama zake zinabebwa na Umoja wa Mataifa. Kinachokula fedha ni mawakili, kundi dogo la watu wanaojuana, walio ghali, na miaka ya kesi. Tangu 1989 kuna mfuko wa Katibu Mkuu wa kuzisaidia nchi zisizo na uwezo. Njia ya maoni ya ushauri ni nafuu zaidi kwa nchi moja moja: hoja ya tabianchi ilianzishwa na wanafunzi wa sheria wa Pasifiki mwaka 2019, nchi ya visiwa ya Vanuatu ikaibeba, na Julai 2025 mahakama ikatamka kwa kauli moja kwamba kutoilinda hali ya hewa kunaweza kuwa kosa la kimataifa lenye kudai fidia. Nchi 96 zilisimama kutoa hoja. Vanuatu ina watu wachache kuliko wilaya nyingi.

Kesi ambayo unaweza kuiita pesa iliyochomwa ni ya Sudan. Machi 2025 iliishitaki Umoja wa Falme za Kiarabu, ikidai inawapa nguvu wapiganaji wa RSF, wanaopigana na jeshi la Sudan, waliowaua watu wa kabila la Wamasalit huko Darfur, magharibi mwa nchi hiyo. Emirati zilipojiunga na mkataba wa 1948 zilikikataa kifungu cha 9, kama Rwanda, na mawakili wa Khartoum walilijua hilo kabla ya kuandika neno la kwanza. Mei 5, 2025, miezi miwili tu baadaye, kesi ilifutwa kabisa kwenye orodha, kwa kura 9 dhidi ya 7. Lakini katikati ya miezi hiyo ilikuwapo siku moja ya Aprili, pande zote mbili mbele ya majaji, dunia ikitazama moja kwa moja, Emirati zikilazimika kusimama na kuzijibu hadharani tuhuma ambazo zilikuwa zikinong'onwa. Mimi naamini Sudan iliinunua siku hiyo makusudi. Kama bei ilikuwa sawa, waulize Wamasalit, wala si mimi wala serikali ya Khartoum, ambayo nayo ina kesi zake za kujibu.